Mashine Zote Ziandike Mahali Pamoja

Nasimamia seva za ofisi moja hapa Dar es Salaam, na kila asubuhi naanza na faili liitwalo messages, ndani ya /var/log. Humo programu mbalimbali zimeandika yaliyozipata usiku, kila tukio na mstari wake: tarehe, saa, jina la mashine, jina la programu, kisha habari yenyewe. Ni kama kitabu cha matukio pale kaunta ya polisi.

Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980. Eric Allman alikuwa na programu yake ya kusafirisha barua pepe, Sendmail, akaitengenezea huduma iitwayo syslog ipokee taarifa zake. Programu nyingine zikaifuata; leo hata ruta huitumia.

Faida yake niliiona siku wahasibu waliponiambia mfumo wao umezima. Logi ya mfumo huo ilisema tu kwamba umeshindwa kuandika. Faili la pamoja likanipa kisa kizima: saa nane usiku kazi ya kunakili data ilianza, baadaye diski ikajaa, dakika ileile hifadhidata ikasimama. Mfumo wa wahasibu haukuwa na kosa lolote. Lakini ushahidi wa namna hii unataka saa za mashine zote zilingane, la sivyo tokeo litaonekana limetangulia chanzo.

Syslog hupanga taarifa kwa ngazi 8. Namba 0 ni dharura, mfumo hautumiki tena. 3 ni kosa, 4 ni onyo, 5 ni jambo la kawaida linalostahili kuangaliwa, na 7 ni maelezo ya wasaka kasoro. Nawasihi wanaoandika programu: msiite kila kikwazo dharura. Msimamizi anayeamshwa bure kila usiku ataacha kuamka.

Nakala ya logi naituma kwenye seva ya pembeni, maana mvamizi akishaingia hukimbilia kufuta nyayo. Naituma kwa TCP. Njia ya zamani, UDP kupitia mlango 514, haimjulishi mtumaji kama ujumbe umefika.

Na faili hilo lisisomwe na kila mtu. Wapo wanaochapa neno la siri kwenye nafasi ya jina kwa haraka, na seva huliandika hivyohivyo, wazi: mtumiaji huyu hajulikani. Ndiyo maana taarifa za kuingia huwa nazitenga kwenye faili lake, lenye ruhusa ya wachache.