Kusoma Maandiko Nyumbani: Habari za Kikundi Chetu

Waalimu kadha wa kadha wametuuliza habari za vikundi vya kusoma Biblia nyumbani. Wasema ya kuwa vikundi vyao vilianza kwa furaha, watu ishirini wakaja. Lakini baada ya miezi mitatu walibaki watano, na hao watano ni jamaa ya mwenye nyumba. Wauliza, Kosa liko wapi? Mambo ya kila mahali hatuyajui. Bali kosa letu wenyewe twalijua, na hilo tutalisimulia.

Sisi tulikutana kila Jumatano jioni nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa. Mwalimu alikaa kitini, wengine mikekani. Alisoma sura nzima, akaifasiri mstari kwa mstari, kisha akauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo yeye tu. Na aliyekosea alisahihishwa mbele ya watu. Mwalimu huyo ni mmoja wetu sisi tuandikao. Bidii yake haikuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa katika masikio yake.

Aliyetuamsha ni bibi mmoja asiyejua kusoma. Aliacha kuja, tukadhani ni mgonjwa, tukaenda kumtazama. Tulimkuta anachagua mchele, mzima kabisa. "Waalimu wangu," akasema, "mahubiri nayasikia Jumapili, nayo yanitosha. Nalidhani Jumatano mtatuuliza na sisi."

Tulirudi tumenyamaza. Ndipo tulipotafuta habari za waliotutangulia katika kazi hii. Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mchungaji Philipp Jakob Spener alianza mwaka 1670 kuwakusanya watu nyumbani kwake, na mwaka 1675 aliandika kitabu akitaka Wakristo wote wakutane kuyachunguza Maandiko, si wachungaji peke yao. Huko Bristol, Uingereza, mwaka 1742, jambo lilianza kwa deni. Wafuasi wa John Wesley walidaiwa fedha za nyumba yao ya ibada, ikashauriwa kila mtu atoe peni moja kila juma. Ikasemwa kwamba maskini hawataweza. Mtu mmoja akajibu, apewe yeye kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, naye atalipa kilichopungua. Basi wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, na kiongozi wa kila kundi akazunguka nyumba kwa nyumba kuipokea peni. Huko aliona yasiyoonekana kutoka mimbarani: huyu agombana na mkewe, yule amelewa. Baadaye waliona ni afadhali kundi zima likutane mahali pamoja. Na karibu na kwetu, mwezi wa Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe nchini Uganda, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa Gahini walikaa wawili tu na Biblia, wakasoma na kuomba. Uamsho uliofuata ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, nao ulitunzwa katika mikutano midogo ya ndugu.

Katika habari hizi hatukuona mahali ambapo mmoja alisema na wengine wakasinzia. Hata Filipo, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, alipolikaribia gari la yule Mkushi hakuanza kwa mahubiri. Alianza kwa kumwuliza kama ayaelewa ayasomayo.

Basi tulibadili desturi zetu. Mwalimu alishuka kitini (hili lilimwuma zaidi kuliko alivyokiri). Tunasoma mistari kumi au kumi na mitano tu, mara mbili, kwa sauti za watu wawili, polepole. Kisha mtu asiyejua kusoma huombwa aisimulie habari ile kwa maneno yake mwenyewe, na wengine humkumbusha alichokiacha. Hapo ndipo maswali hutolewa: Umeona nini? Hukuelewa nini? Litakalotupasa juma hili ni nini? Mwenye kuongoza hajibu wa kwanza. Pakiwa kimya, hungojea, na kungojea huku ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea ubao na chaki. Msemaji wa kupita kiasi huambiwa kwa upole, faraghani, si mbele ya watu. Nasi twajua sababu.

Neno la chai nalo tusilisahau, maana ni dogo nalo huvunja vikundi. Tulipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, wa kwanza alitupa chai, wa pili chai na maandazi, wa tatu akachinja kuku. Wa nne hakutukaribisha, akasema ana safari. Hakuwa na safari. Sasa tumepatana, maji ya kunywa tu.

Jioni moja tulisoma Marko sura ya 2, habari za mwenye kupooza aliyeteremshwa darini. Tulijiandaa kuzungumza juu ya imani ya wale wanne. Bibi yule, ambaye alikuwa amerudi, akauliza, "Na ile dari, aliitengeneza nani?" Tulicheka, naye hakucheka. Mwalimu alitaka kusema kwamba Marko hakuandika habari hiyo, akajizuia. Mama mmoja akasema labda ni wale wanne waliorudi kesho yake. Mwingine akasema labda ni aliyeponywa, maana sasa ana mikono. Yakatokea mazungumzo ambayo hatukuyapata katika miezi yote ya kufasiri, na Jumamosi iliyofuata vijana watatu walipanda juu ya paa la jirani mjane, lililokuwa likivuja tangu masika.

Mchungaji wetu hupata habari zetu kila mwezi. Tuliliona hili kuwa la lazima tuliposoma kwamba huko Frankfurt wengine wa vikundi vile walijitenga na Kanisa, wakijiona kuwa bora kuliko wengine.

Lakini lipo jambo moja hatujalitengeneza. Ndugu mmoja alitufungulia moyo habari za deni lililomlemea, akaomba tumwombee. Kabla ya Jumapili habari zake zilikuwa kisimani na sokoni. Hatujui ni nani aliyezitoa. Twajua tu kwamba zilitoka katika chumba kile, na ya kuwa sisi viongozi hatukuwahi kuwaambia watu kwamba lisemwalo pale hukaa pale. Sasa twaliambia kila kikundi siku ya kwanza, kabla ya kufungua Kitabu. Kwake yeye tumechelewa. Tulikwenda kumwomba radhi, akatusamehe kwa maneno mazuri, wala hakurudi.

Twamwendea kila mwezi, wawili wawili. Hutupa kigoda, hutuuliza habari za watoto. Deni hatulitaji. Mara ya mwisho, tulipokuwa tukiondoka, alitusindikiza hadi njia panda, akauliza tumefika sura ya ngapi. Tukamwambia, ya kumi na moja.