Kweli au si kweli? Dodoso linapofika The Pearl

The Pearl ni kisiwa kilichojengwa na watu, kando ya Doha, chenye ukubwa wa karibu mita za mraba milioni 4. Ndipo mahali pa kwanza Qatar ambapo mgeni aliruhusiwa kumiliki nyumba kikamilifu. Wenye nyumba hutajana kwa mitaa yao: Porto Arabia yenye maegesho ya boti, Qanat Quartier yenye mifereji iliyoigwa Venice. Wanaolinda milango, kuendesha magari, kulea watoto na kubeba sahani wengi wao hawalali humo. Zamu ikiisha, basi huwarudisha kambini. Miongoni mwao, pamoja na Wanepali, Wahindi na Wafilipino, wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaopokezana zamu kwa Kiswahili.

Kwa mtafiti wa vyombo vya habari, hawa ni watu wa thamani. Anayeishi mbali na kwao hupata matanga, siasa, mahubiri, bei ya unga na mapenzi kupitia simu ileile moja. Doha nayo ina taasisi zinazofuatilia mambo hayo kwa kina. Northwestern University in Qatar imepima matumizi ya vyombo vya habari katika nchi za Kiarabu tangu 2013, na Chuo Kikuu cha Qatar kina taasisi yake ya utafiti wa jamii, SESRI. Halafu kuna wanafunzi wa uzamili wa Nairobi, Dar es Salaam na Ulaya wanaorusha linki kwenye magrupu ya WhatsApp: “Ndugu zangu wa Doha, naomba dakika kumi zenu.” Kuhusu kinachotokea baada ya dakika hizo kumi yanasemwa mengi. Tuyapime.

“Jina halikuandikwa, kwa hiyo sijulikani.”
Si kweli.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko mengine yote, na wanaolirudia zaidi ni watafiti wenyewe. Tuseme dodoso halina jina. Limeuliza jinsia, umri, uraia, kazi, mahali pa kazi, muda uliokaa Qatar na lugha ya habari unazofuata. Majibu yanasomeka hivi: mwanamke, miaka 29, Mganda, mlinzi, Porto Arabia, miaka minne, Kiswahili na Kiganda. Msimamizi wa zamu akiona mstari huo anahitaji jina la nini? Anajua ni nani, anajua na kitanda anacholalia.

Mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alikwisha kuonyesha kwamba nchini Marekani msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinatosha kumtenga mtu na wenzake wote kwa takriban asilimia 87 ya wakazi. Hiyo ni nchi ya mamia ya mamilioni ya watu. Qatar ina watu wapatao milioni 3, na ukiwachambua kwa uraia, kazi na jengo, kundi la mwisho linaweza kuwa na mtu mmoja.

Utafiti wa vyombo vya habari una kisa chake chenyewe. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilitoa data za Facebook za wanafunzi wapatao 1,700 wa chuo kimoja cha Marekani. Majina yaliondolewa, hata jina la chuo likafichwa. Lakini maelezo yaliyoambatana na data yalitaja ukubwa wa darasa na orodha ya masomo, na baadhi ya masomo hayo hayapatikani kila mahali. Haikuchukua muda chuo kikajulikana kuwa ni Harvard. Michael Zimmer, aliyekitambua na baadaye akaandika makala kuhusu kisa hicho, hakuhitaji hata kuifungua data yenyewe. Alisoma maelezo tu. Data zikaondolewa.

Dawa inajulikana. “Mganda” anakuwa “mtu wa Afrika Mashariki”, “29” inakuwa “25 hadi 34”, “Porto Arabia” inakuwa “Doha”, na kundi lenye watu wachache mno halichapishwi peke yake kwenye jedwali. Mtafiti atalalamika kwamba utamu wa data unapotea. Na upotee. Tasnifu inaweza kuishi bila jina la jengo.

“Dodoso la mtandaoni linajua nilichojaza tu.”
Si kweli.

Qualtrics, programu inayotumiwa na vyuo vingi, huhifadhi anwani ya IP ya anayejibu na makadirio ya mahali alipo, mpaka mtafiti mwenyewe aizuie. Google Forms inaweza kuwekwa ichukue barua pepe. Na ukijaza kwa Wi-Fi ya kambi au ya nyumba ya bosi, mwenye mtandao anaweza kuona umetembelea tovuti gani, hata asipoona majibu yako.

Mkenya Malcolm Bidali alikuwa mlinzi Doha, akiandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Mwishoni mwa Aprili 2021 alitumiwa linki kwenye Twitter iliyojifanya ni video ya YouTube. Wataalamu wa Amnesty International na Citizen Lab walipoichunguza walikuta kwamba ingeweza kunasa anwani ya IP ya anayeibonyeza. Mei 4 akakamatwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba linki ile ndiyo iliyomfichua, na Bidali hakuwa mshiriki wa utafiti wowote. Alikaa mahabusu karibu mwezi mzima, peke yake chumbani, akatozwa faini ya riyali 25,000 na kuondoka Qatar Agosti mwaka huohuo. Ninamtaja kwa sababu mtafiti anayemtumia mlinzi linki anamwomba afanye jambo ambalo mlinzi mwenye akili zake ana haki ya kuliogopa. Akikataa kubonyeza, asiandikwe kwenye ripoti kuwa ni mtu “asiye na mwamko wa kidijitali”.

“Nimeweka TikTok, kila mtu anaona, mtafiti hana haja ya kuniuliza.”
Nusu kweli.

Kamati nyingi za maadili humruhusu mtafiti kusoma kilicho hadharani. Kusoma si sawa na kunukuu. Dada wa kazi anayejirekodi siku yake ya mapumziko, akimtania bosi wake kwa marafiki wa Mombasa, alikuwa na watazamaji wake akilini, na profesa hakuwamo. Maneno yake yakinukuliwa neno kwa neno, mtu yeyote akiyaweka kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kufika kwenye akaunti yake. Sentensi ya Kiswahili iliyochanganyika na Sheng na Kiarabu cha sokoni haina pacha wengi duniani.

Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hueleza kwa maneno yake, au hutafsiri. Wapo wanaotafsiri vizuri kabisa, kisha wanayaweka maneno ya asili kwenye kiambatisho ili kuonyesha uaminifu, na kazi yote ya kumficha mtu inaharibika ukurasa wa 212.

Kisingizio kwamba “tayari iko hadharani” kiliwahi kutumiwa na mwanafunzi mmoja wa Denmark aliyemwaga mtandaoni, mwaka 2016, taarifa za watumiaji wapatao 70,000 wa tovuti ya kutafuta wachumba ya OkCupid, zikiwa na majibu yao kuhusu mambo ya chumbani. Ziliondolewa baadaye. Kitu kikishapakuliwa, kukiondoa hakumsaidii mwenyewe.

“Niliridhia mwenyewe, kwa hiyo suala limekwisha.”
Si kweli. Simu yako imejaa watu wengine.

Aleksandr Kogan, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitengeneza programu ya maswali ya haiba kwenye Facebook. Walioiweka walikuwa kama 270,000. Kupitia orodha za marafiki zao, waliochukuliwa taarifa walifika hadi milioni 87 kwa hesabu ya Facebook yenyewe, na data zikaishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa. Kampuni hiyohiyo ilifanya kazi katika kampeni za uchaguzi Kenya, kwa hiyo jambo hili halikuwa la Wazungu peke yao.

Pale The Pearl jambo hilo lina sura ndogo zaidi. Mtafiti anaomba picha ya skrini ya grupu la chama ili aone habari zinavyosambaa. Wewe umekubali, lakini wenzako 90 waliomo hawajui. Au anataka uandike shajara ya picha ya unachotazama kwa wiki moja, na kwenye kila picha kuna mtoto wa bosi nyuma ya kochi. WhatsApp imefunga ujumbe kwa usimbaji tangu 2016, ni kweli, lakini usimbaji haumzuii aliyemo ndani ya grupu asipige picha ya skrini.

“Qatar hakuna sheria ya faragha.”
Si kweli, ingawa uvumi huu unapendwa sana.

Sheria Namba 13 ya mwaka 2016 kuhusu faragha ya data binafsi ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi za Ghuba, na faini zake zinafika riyali milioni 5. Inaweka kundi la taarifa zenye uzito wa pekee: asili ya kikabila, dini, afya, ndoa, makosa ya jinai, watoto. Kuzichakata hizo kunahitaji idhini ya idara husika ya serikali. Mwanafunzi wa Nairobi aliyezoea kuandika “kabila” na “dini” juu kabisa ya dodoso, kwa mazoea tu, amegusa mambo mawili kati ya hayo kabla hajafika swali la kwanza la redio. Tena kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kinahusu utafiti nchini humo, na cha COSTECH, mwenzake wa Tanzania, hakivuki bahari pia. Nyumbani sheria zipo: Kenya na Uganda tangu 2019, Tanzania ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023.

Sheria peke yake haizibi tundu. Mwaka 2020 Amnesty International ilikuta kasoro katika Ehteraz, programu ya Qatar ya kufuatilia korona, ambayo ingeweza kufichua namba za vitambulisho na taarifa nyingine za watu zaidi ya milioni moja. Serikali iliirekebisha upesi.

“Fomu ya ridhaa iliyosainiwa inamlinda mshiriki.”
Mara nyingi inamlinda mtafiti na chuo chake.

Fikiria utafiti usiokusanya jina popote. Majibu ni namba tupu. Kitu kimoja tu kinaunganisha uso na utafiti: karatasi yenye saini yako. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinaruhusu kamati kusamehe saini pale ambapo fomu yenyewe ndiyo kumbukumbu pekee ya jina na hatari kubwa ni siri kuvuja. Ridhaa ya mdomo inatosha, mtafiti akaandika kwamba alieleza na ukakubali.

Swali zito zaidi ni aliyekuleta kwenye meza hiyo. Tangu Septemba 2020 mfanyakazi Qatar anaweza kubadili mwajiri bila barua ya ruhusa ya yule wa zamani, lakini kazi, kitanda na kibali cha ukaazi bado vinaweza kushikwa na mkono mmoja. Mtafiti akipitia kwa meneja wa kampuni ya ulinzi, na meneja akachagua walinzi kumi “wa kujitolea”, hapo hakuna ridhaa. Kuna zamu ya ziada isiyolipwa. Na meneja tayari anayo orodha ya majina kumi.

“Mtafiti akiahidi siri, hakuna atakayeipata.”
Si kweli.

Boston College ya Marekani ilihifadhi mahojiano na wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, yaliyoanza kurekodiwa 2001. Waliohojiwa waliambiwa kanda hazitafunguliwa mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi wa huko, kupitia serikali ya Marekani, walizidai kwa amri ya mahakama. Kesi ilivutana, na 2013 baadhi ya kanda zikakabidhiwa. Watafiti hawakuwa waongo. Waliahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao.

Sauti iliyofutwa baada ya kuandikwa haiwezi kukabidhiwa kwa mahakama yoyote, na maandishi yasiyo na jina tangu mwanzo, hata yakidaiwa, hayana jina la kutoa. Mtafiti anayekuambia “nitafuta sauti wiki ijayo, na sheria ikinilazimisha kabla ya hapo sitaweza kukataa” anakuheshimu kuliko anayeapa.

“Naweza kuruka swali, au kujitoa, bila kueleza sababu.”
Kweli. Ila uliza mwisho wa kujitoa ni lini, maana majibu yasiyo na jina yakishachanganywa, hata mtafiti hawezi kuyapata yako ayaondoe.

“Vocha ya shukrani haina madhara.”
Inategemea inavyotolewa.

Ili akurushie salio, mtafiti anahitaji namba yako, na laini ya simu Qatar husajiliwa kwa kitambulisho. Dodoso lililojitahidi kutouliza jina linalipata kupitia zawadi. Wanaoijua kazi huandika namba kwenye fomu ya pili isiyounganishwa na majibu, hurusha salio, kisha hufuta orodha siku hiyohiyo. Wengine hununua kadi wakakukabidhi ukwangue mwenyewe. Ukikuta nafasi ya namba ya simu iko juu ya ukurasa wa kwanza wa dodoso, unaweza kujaza dodoso ukaiacha vocha, au ukaviacha vyote viwili ukawahi basi.