Mfupa hauungwi kwa poda, beshte

Beshte yangu alianguka na boda boda mwaka jana, akavunjika mguu. Miezi ikapita, mfupa ukakataa kuunga. Badala ya kurudi kwa daktari, akanunua mtandaoni pakiti za poda, eti zina "seli shina". Alikunywa hadi pesa za kliniki zikaisha. Mguu ukabaki vile vile.

Hii stori iliniuma, ndiyo maana nakuandikia. Seli shina ni kitu cha kweli, na tayari unazo ndani ya uboho wako. Zichukulie kama vibarua waliofika mjengoni asubuhi: nguvu wanazo, kazi hawajapewa. Sasa nani huwapa kazi? Kwa sehemu, ni pale wanapokanyaga.

Mwaka 2006, Adam Engler na Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzao, waliweka seli shina za uboho juu ya jeli zenye ugumu tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo, seli zilianza kufanana na za neva. Kwenye ugumu wa wastani zikaelekea misuli. Kwenye jeli ngumu zaidi, zikaelekea mfupa.

Ndiyo maana wanasayansi hutengeneza vitu vinavyoiga mfupa, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti pamoja na nyuzi za kolajeni. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa matumbawe, kama haya ya Pwani yetu, yanaweza kugeuzwa kuwa madini ya aina hiyo bila kuharibu vitundu vyake. Na vitundu ndivyo muhimu: seli huingia humo, mishipa ya damu hufuata, mfupa mpya hujengwa.

Hata hivyo, si miujiza. Pengo likiwa kubwa, madaktari wengi bado huchota mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu huo una seli hai tayari.

Umeona? Seli inataka mahali pagumu, penye vitundu na damu. Poda ukiimeza, inasagwa tumboni kama githeri.

Kwa hivyo ukivunjika na mfupa ukatae kuunga, rudi kwa daktari wa mifupa mapema. Sigara nayo weka kando, maana huchelewesha mfupa kupona. Beshte yangu amerudi kliniki juzi, kwa mkopo. Wewe usingoje kufika hapo.