Pombe na Maziwa ya Mama

Katika jamii nyingi duniani, mama anyonyeshaye hushauriwa anywe pombe kidogo ya nafaka ili maziwa yaongezeke. Mahali pengine huambiwa kwamba akionja hata funda moja hana budi kumwachisha mtoto ziwa. Kauli hizi mbili zapingana, na kila moja yaweza kumdhuru mtoto. Yafaa basi tueleze jinsi alkoholi inavyoingia katika maziwa na jinsi inavyotoka.

Alkoholi huingiaje katika maziwa?

Mtu anywapo pombe, alkoholi hufyonzwa tumboni na katika utumbo mwembamba, kisha huingia katika damu. Kutoka katika damu hupenya hadi katika maziwa pasipo kizuizi, hata kiasi kilichomo katika maziwa hukaribia kuwa sawa na kilichomo katika damu. Kiasi hicho hufikia kilele baada ya dakika 30 hadi 60, au baadaye kidogo ikiwa mama amekula. Ni kidogo sana kikilinganishwa na kilichomo katika chupa. Lakini ini la mtoto mchanga halijakomaa, nalo huiondoa alkoholi polepole kuliko ini la mtu mzima.

Alkoholi haihifadhiwi matitini. Kadiri inavyopungua katika damu, ndivyo inavyopungua katika maziwa. Kwa hiyo kuyakamua maziwa na kuyamwaga hakuharakishi kitu: maadamu damu ingali na alkoholi, maziwa yajayo yatakuwa nayo pia. Kahawa, maji mengi au kuoga havisaidii. Kazi hiyo hufanywa na ini, nalo lahitaji muda.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi ya asilimia 5 ina gramu zipatazo 20 za alkoholi. Ini la mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 huondoa takriban gramu 6 au 7 kwa saa. Hivyo chupa moja huhitaji saa 3 hivi, na mbili saa 6. Hesabu hii haiwezekani kwa mbege, busaa au ulanzi, kwa sababu nguvu ya pombe hizi hubadilika kadiri zinavyochacha: kata ya leo si sawa na kata ya kesho. Gongo ni kali zaidi, na mnywaji hajui kilichomo ndani yake.

Je, pombe huongeza maziwa?

Mwaka 1991 Julie Mennella na Gary Beauchamp, watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliwapa akina mama 12 maji ya machungwa yenye alkoholi kidogo. Watoto walinyonya kwa haraka zaidi mwanzoni, lakini kwa jumla walipata maziwa machache kuliko siku ambayo mama hakunywa alkoholi. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha sababu mojawapo: alkoholi hupunguza oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Huenda basi mama akahisi matiti yamejaa, akadhani maziwa yameongezeka, kumbe hayatoki vizuri. Kiongezacho maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara. Uji wa ulezi na mtori humlisha mama vema bila madhara hayo.

Mama afanyeje?

Njia iliyo salama kabisa ni kutokunywa, hasa katika miezi ya kwanza. Aamuaye kunywa asizidishe chupa moja, tena asifanye hivyo kila siku. Amnyonyeshe mtoto kwanza, ale chakula, kisha asubiri saa 3 kabla ya kunyonyesha tena. Aweza pia kukamua maziwa kabla ya kunywa na kuyaweka katika chombo safi kilichofunikwa, mtoto apewe kwa kikombe.

Mzazi aliyelewa, awe mama au baba, asilale kitanda kimoja na mtoto, maana aweza kumlalia akakosa pumzi. Mtoto aachwe chini ya uangalizi wa mtu mzima asiyekunywa.

Lakini mama aliyekunywa chupa moja arusini asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na kuhara huua watoto wachanga. Na asubiri saa zake, kisha aendelee kunyonyesha. Yule ashindwaye kupitisha siku bila pombe aende kliniki ya mama na mtoto aeleze hali yake, apate kusaidiwa pamoja na mwanawe.