Programu Tele, Sauti Haba: Biashara ya Kupima Moyo na Mapafu ya Vichanga

Mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa PhysioNet uliwaalika wataalamu wa kompyuta duniani kushindana kutengeneza programu ya kutambua kasoro za moyo kwa kusikiliza mapigo yake. Timu 87 zilijitokeza, zikawasilisha programu kwa mamia. Hazina ya sauti waliyoshindania ilikuwa moja tu: rekodi 5,272 za wagonjwa zaidi ya 1,400, wengi wao watoto, zilizokusanywa mwaka 2014 na 2015 katika kambi za upimaji jimboni Paraíba, kaskazini mashariki mwa Brazil.

Anayetaka kuielewa biashara ya akili unde katika wodi za watoto wachanga aanzie hapo. Wanaojua kuandika programu ni wengi. Kinachotafutwa kwa tochi ni sauti na vipimo safi vya vichanga, ambavyo daktari amevithibitisha. Hospitali zetu za Afrika Mashariki zina mali hiyo tele, nazo zisipojipanga mapema zitaitoa bure na kuinunua tena kwa bei kubwa.

Hitaji lenyewe halina ubishi. Mwaka 2022 watoto takriban milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Takwimu za kitaifa za mwaka huo zinaonyesha vifo 24 kwa kila vizazi hai 1,000 nchini Tanzania na 21 nchini Kenya, wakati lengo la dunia ni kushuka hadi 12 ifikapo 2030. Kasoro za moyo humpata takriban mtoto mmoja katika kila 100 wanaozaliwa. Wengi huonekana wazima siku ya kwanza, na wataalamu wa kuusoma moyo wa kichanga kwa ultrasaundi wamejazana mijini.

Kipimo kilichokwishajithibitisha sokoni ni oksimita, kile kifaa cha mwanga kinachosoma kiwango cha oksijeni kwenye damu. Muuguzi hukifunga kwenye mkono wa kulia wa mtoto, kisha kwenye mguu mmoja. Kiwango kikiwa chini ya asilimia 90, mtoto huonwa na daktari mara moja. Kikifika 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, amefaulu. Marekani iliingiza upimaji huo katika orodha yake ya kitaifa mwaka 2011. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika majimbo yaliyoulazimisha, vifo vya mapema vitokanavyo na kasoro hatari za moyo vilipungua kwa takriban theluthi.

Hesabu ya gharama zake ina funzo kwa kila mnunuzi. Huko New Jersey ilikadiriwa kwamba kumpima mtoto mmoja hugharimu takriban dola 14, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ni muda wa mfanyakazi. Bei ya kifaa ni sehemu ya bili tu. Kwetu, ambako muuguzi mmoja huhudumia wodi iliyofurika na akina mama wengi huruhusiwa kabla ya saa 24, dakika chache hizo ndizo ghali kuliko vyote.

Hapo ndipo programu zinazojifunza zinapodai nafasi yake. Kundi la kwanza ni la stetoskopu za kidijitali. Kampuni ya Eko, iliyoanzishwa California mwaka 2013, ilipata kibali cha Marekani mwaka 2020 kwa programu inayotambua sauti zisizo za kawaida za moyo. Kundi la pili husikiliza kilio. Ubenwa, iliyoanzishwa na Mnigeria Charles Onu na yenye makao yake Montreal, inatafuta katika kilio cha mtoto dalili za kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, nayo ilipata mtaji wa dola milioni 2.5 mwaka 2022. Kundi la tatu hufuatilia mapigo na pumzi saa zote. Mfumo wa HeRO wa Virginia, unaosoma mwenendo wa mapigo ili kubashiri maambukizi kwenye damu, ulijaribiwa kwa watoto njiti zaidi ya 3,000. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 10.2 hadi 8.1.

Afrika Mashariki imo katika majaribio haya. Hospitali ya Aga Khan na ile ya wazazi ya Pumwani, zote za Nairobi, zimetumika kupima vifaa vya kufuatilia vichanga. Mpango wa NEST360, unaoshirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, umepeleka vifaa vya wodi za vichanga Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, pamoja na mafunzo kwa wauguzi na mafundi wanaovitunza.

Ugumu wa kazi hii huonekana kitandani kwa mtoto. Moyo wa kichanga hupiga kati ya mara 120 na 160 kwa dakika, na pumzi ni 40 hadi 60, ndani ya kifua kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Sauti za moyo na mapafu huingiliana. Juu yake huja kilio, mkwaruzo wa kifaa kwenye ngozi, kengele za mashine, na povu la maji la mashine ya kusaidia kupumua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, walilazimika kutengeneza kwanza programu ya kuamua kama rekodi inafaa kusikilizwa, pamoja na ya kuitenga sauti ya moyo na ya mapafu. Kuutafuta ugonjwa kulikuja baadaye.

Kwa hiyo programu iliyofundishwa katika wodi tulivu ya Ulaya haiwezi kuaminiwa moja kwa moja Sumbawanga au Kakamega. Oksimita zenyewe zilishatuonya: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima, ulibaini kwamba vifaa hivyo viliwapita wagonjwa Weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Kifaa ambacho hakikujaribiwa kwa watoto wetu hakijamaliza majaribio, hata kikiwa na kibali cha nchi yoyote.

Sheria zipo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha ya taarifa binafsi mwaka 2022. Vifaa tiba husajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, nchini Tanzania. Kinachopungua ni ujuzi wa kuandika mikataba. Hospitali inayoruhusu kampuni kurekodi vichanga vyake inachangia mtaji, sawa na mwekezaji anayetoa fedha. Inastahili hisa, au bei nafuu ya muda mrefu, na haki ya kutumia rekodi hizo kwa tafiti zake, baada ya wazazi kuelezwa kwa lugha wanayoielewa na kuridhia.

Limebaki suala la mlipaji. Wafadhili hununua kifaa, mradi ukiisha betri hufa na vihisio havibadilishwi. Soko litasimama pale bima ya afya kwa wote Tanzania na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii ya Kenya, zitakapolipia huduma nzima: kipimo, matengenezo, usafiri wa rufaa na matibabu. Kengele ikilia wilayani, mtoto asipofika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au Hospitali ya Mater, Nairobi, akiwa hai, fedha zote zilizotangulia zimepotea, na mzazi ameongezewa uchungu wa kujua.

Wanunuzi wa umma waweke basi masharti matatu katika kila zabuni: ushahidi kutoka wodi za hapa, fundi na vipuri vilivyopo nchini, na malipo yanayofungamana na idadi ya watoto waliofikishwa kwenye tiba. Kampuni yenye bidhaa ya kweli itayakubali. Isiyoyakubali iachwe, kwa sababu fedha hizo hizo zinaweza kumwajiri muuguzi mwingine wa zamu ya usiku.