Tuhamie Molo au Njoro?

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Baba anastaafu mwaka huu na anataka kununua ploti kwa kiinua mgongo chake chote. Tunapima miji miwili ya Nakuru.

Njoro ni mji wa chuo. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Wanafunzi ndio wanaopanga vyumba, kula hotelini na kutoa fotokopi. Kasoro ni kwamba chuo kikifungwa, biashara hulala. Machi 2020, Korona ilipofunga vyuo vyote nchini, wanafunzi walirudi makwao, na kodi ikaenda nao.

Molo, mji wa viazi na baridi kali, hutegemea mvua. Viazi vikiuzwa vizuri, hata fundi viatu hucheka. Bei ikianguka, wote huumia.

Basi ushauri wangu ni huu: tusitembelee miji hii siku za neema. Twende Njoro chuo kikiwa kimefungwa, na Molo kabla ya mavuno. Cherehani ya mama ikipata wateja wakati huo, hapo ndipo petu.