Masomo ya daktari wa mbwa na paka baada ya shahada
Magonjwa ya ndani ya mbwa na paka ni yale ya figo, ini, moyo, damu na homoni. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi hufundisha misingi yake, lakini vipimo hubadilika baada ya mtu kuhitimu. Kreatinini, kipimo cha zamani cha figo, hupanda pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wa figo za paka imekwisha kupotea. Kipimo kipya zaidi, SDMA, huashiria tatizo mapema, na aliyehitimu zamani hana budi kukisomea.

Katika nchi za tropiki, somo lenye tija zaidi pengine ni kupe. Kupe wa kahawia hueneza vijidudu vya ehrlichia na babesia: mbwa hulegea, fizi hupauka, pengine pua hutoka damu. Tone la damu ya ncha ya sikio, likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, huweza kuonyesha babesia ndani ya seli nyekundu. Ehrlichia hujificha kwenye seli nyeupe, na mara nyingi haionekani kabisa. Hii hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Babesia hutaka dawa nyingine. Ndiyo maana mafunzo mazuri huwaweka madaktari kwenye hadubini muda mrefu kuliko kwenye mihadhara.